Barua ya Machi, Bili ya Agosti

Wakenya wa Brooklyn Park, Minnesota, wanajua kuchanga. Mtu akifa, mwili utafika Kisii na gharama italipwa. Mtoto akizaliwa, mama atapikiwa hadi achoke kula. Kwa hiyo binti mmoja wa pale alipopata barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu cha umma chenye jina kubwa, majimbo mawili kutoka kwao, hakuna aliyeuliza kama harambee ingefanyika. Kilichoulizwa ni tarehe. Ukumbi wa kanisa ulijaa, mshereheshaji akatoka St. Paul, keki ikapigwa mnada mara tatu, na kila aliyeinunua akairudisha mezani inunuliwe tena. Zikapatikana dola 19,000 na ushei. Baba mtu alisimama kushukuru, sauti ikamkatika.

Bili ya mwaka mmoja ya chuo hicho, baada ya kuondoa kila msaada uliotolewa, ilikuwa dola 46,000.

Familia hii nimeitunga. Sheria zilizoikwamisha sikuzitunga, na kila mwaka zinakwamisha familia za kweli, zikiwemo za watu waliozaliwa Marekani na wanaodhani wanaijua nchi yao.

Tuanze na baba, maana ndiye aliyekosea mapema zaidi. Alifanya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, miaka ya tisini, enzi ambazo Bodi ya Pamoja ya Udahili, JAB, ndiyo iliyogawa nafasi za vyuo vikuu vya umma nchini Kenya, kazi ambayo leo inafanywa na KUCCPS. Mfumo ule una kasoro zake, lakini unaeleweka: alama zako ndizo zinazokusemea. Na mtoto wa Kisii akipelekwa Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret, hatozwi ada kubwa zaidi kwa kuwa ametoka kwao. Baba huyu aliposhinda bahati nasibu ya viza na kuhamia Marekani, aliyatazama majimbo kama kaunti zilizonenepa. Mtoto akipata A tupu, aliamini, nchi nzima ni yake.

Ila jimbo la Marekani lina bunge lake, kodi zake na vyuo vyake. Chuo kikuu cha umma ni mali ya jimbo, na wenye mali hawajifichi. Mzazi wa North Carolina ambaye mtoto wake amenyimwa nafasi hampigii simu rais. Anampigia mbunge wa eneo lake, na mbunge huyo ndiye anayepitisha bajeti ya chuo. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill kina kikomo: tangu 1986, wanafunzi wa nje ya jimbo hawatakiwi kuzidi asilimia 18 ya wanaoingia mwaka wa kwanza. Ukiuliza chuo hicho kinakubali waombaji wangapi, utaambiwa chini ya mmoja kati ya watano. Ni kweli, na haimsaidii mtu yeyote, kwa sababu ndani ya jibu hilo mna foleni mbili. Mkazi wa North Carolina, kwa miaka ya karibuni, amekuwa na nafasi ya takriban wanne katika kumi. Wa nje, karibu mmoja katika kumi. Na hao wa nje ndio wengi zaidi wanaoomba, kwa hiyo wastani unaotangazwa si hali ya yeyote kati yao.

Texas ni wakali zaidi. Sheria ya jimbo inataka asilimia 90 ya nafasi za mwaka wa kwanza katika chuo kikuu chao kikubwa cha Austin ziende kwa Wateksasi. Juu ya hapo kuna sheria ya 1997 inayowapa nafasi moja kwa moja wanaoongoza madarasa yao katika sekondari za Texas. Binti wa Minnesota anaweza kuwa wa kwanza katika darasa la wanafunzi mia tano. Sheria hiyo haimjui.

California ilifika hapo kwa kuchelewa na kwa ugomvi. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008, bunge la jimbo lilipunguza fedha za vyuo, na vyuo vikagundua kwamba mwanafunzi wa nje hulipa ada ya ziada ambayo leo inapita dola 30,000 kwa mwaka. Wakaongezeka. Mwaka 2016 mkaguzi mkuu wa jimbo akatoa ripoti kali akisema watoto wa California wanaumizwa, na mwaka uliofuata bodi ya Chuo Kikuu cha California ikaweka kikomo, asilimia 18 vilevile. Vyuo vyake vilivyokuwa vimeshapita hapo, vikiwemo Berkeley, UCLA na San Diego, vikabakizwa vilipokuwa. Tangu 2021 bunge limekuwa likivivuta vishuke.

Sasa binti. Hakuwa mzembe, na ningependa msomaji asimwone hivyo. Alikuwa na A karibu katika kila somo, masomo sita ya AP, yale ya kiwango cha chuo, alama 1490 kwenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo, na alifundisha kwaya ya watoto kanisani kwa miaka mitatu bila kufikiri kwamba ni kitu cha kuandika kwenye fomu. Kaunsela wa shule yake alikuwa mtu mwema mwenye mamia ya wanafunzi. Chama cha makaunsela wa shule Marekani kinapendekeza wanafunzi 250 kwa kila kaunsela, na Minnesota kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa majimbo yaliyo mbali na lengo hilo. Walionana kwa dakika kumi na tano. Kaunsela alimwambia aongeze vyuo vya karibu. Akaongeza kimoja, Chuo Kikuu cha Minnesota, kwa heshima tu. Orodha yake ya moyoni ilikuwa ya vyuo vinane vya umma, vyote vya majimbo mengine, na kila kimoja, jina lake ukilitaja kwenye sherehe, watu wanageuka.

Usiku mmoja alipiga hesabu. Vyuo vinane, kila kimoja kikikubali wastani wa asilimia 15. Nafasi ya kukataliwa na vyote ni 0.85 kujizidisha mara nane. Kwa hiyo nafasi ya kukubaliwa na angalau kimoja ni asilimia 73. Alimwonyesha baba yake. Baba, ambaye hesabu alikuwa akiipenda tangu sekondari, aliikagua na kuipitisha.

Kuzidisha kwenyewe hakukuwa na kosa. Ila asilimia 15 ilikuwa ya foleni zote mbili zikichanganywa. Ukiweka asilimia 9, ambayo iko karibu zaidi na hali ya mtu wa nje katika vyuo vya namna ile, 73 inashuka hadi 53. Na hata hiyo 53 ni ya uongo. Sarafu ukiirusha mara nane, kila mara inaanza upya, haikumbuki ilivyoanguka; lakini vyuo vinane vinasoma rekodi ileile ya alama, na mara nyingi barua zilezile za walimu na insha ileile. Insha ikiwa dhaifu kwa msomaji wa Austin, haipati nguvu ikifika Chapel Hill. Kuomba vyuo vingi kunasaidia kwa kiasi, lakini hakuwezi kugeuza faili moja kuwa majaribio manane.

Kulikuwa na mengine madogo yaliyomla bila yeye kujua. SAT aliyoisomea mwaka mzima haikusomwa kabisa California: bodi ya chuo kikuu cha huko iliamua mwaka 2020 kuachana na mitihani hiyo, na msomaji wa maombi haoni alama zake hata mwombaji akitaka. California pia hujikokotolea wastani wake wa alama, na kwa mwanafunzi wa nje ya jimbo masomo ya daraja la juu yaliyobuniwa na shule yenyewe hayaongezewi uzito. Ya AP, na ya mpango wa kimataifa wa IB, huongezewa. Kiwango cha chini cha wastani kwa mkazi ni 3.0, kwa wa nje ni 3.4. Hakuna kati ya haya lililofichwa. Yote yameandikwa na chuo chenyewe, kwa lugha nyepesi, mahali ambapo binti hakufika kwa sababu alikuwa akitafuta jibu la swali moja tu: nitachukuliwa au sitachukuliwa?

Machi ikaleta majibu. Vyuo sita vilikataa. Kimoja kilimweka kwenye orodha ya kusubiri. Kimoja kikamkubali.

Na hapa ndipo kisa kinapoanza kuuma, kwa sababu kukubaliwa kule hakukuwa muujiza. Vipo vyuo vya umma ambavyo vinawahitaji watu wa nje, na vinawahitaji kwa ajili ya ada. Chukua Michigan, kule Ann Arbor, ambako karibu nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza wametoka nje ya jimbo. Gharama ya mwaka kwa mtu wa nje imefika karibu dola 80,000. Mkazi hulipa chini ya nusu yake kwa kiti kilekile katika ukumbi uleule. Mpango wao mashuhuri wa kusomesha bure watoto wa familia za kipato cha chini ni wa wakazi wa Michigan. Hakuna dhuluma hapo. Walioijenga nyumba wana haki ya kulala bure. Lakini familia ya msaidizi wa wauguzi na mhudumu wa zamu ya usiku katika makao ya watu wenye ulemavu inapoalikwa kwenye nyumba ya namna hiyo, inaalikwa ilipe.

Ukivipanga vyuo vya umma kwa nafasi ya kuingia na kwa msaada wa fedha vinaoutoa, unaona jambo ambalo orodha za umaarufu hazikuonyeshi. Chapel Hill na Chuo Kikuu cha Virginia, ambako mtu wa nje hupenya kwa tabu, vyote viwili huahidi kuziba pengo lote la mahitaji ya mwanafunzi Mmarekani au mkazi wa kudumu waliyemkubali, hata akiwa ametoka mbali. Vyuo vinavyomkubali mtu wa nje kwa urahisi zaidi mara nyingi ndivyo visivyo na fedha ya kumpa. Nafasi ya kuingia na nafasi ya kumudu zinavutana. Mwanafunzi anayeuliza moja bila ya pili anapata nusu ya jibu, tena nusu ile inayofurahisha.

Binti alikuwa na barua nyingine, iliyokuja mapema, ambayo haikuitiwa mtu yeyote. Chuo Kikuu cha Minnesota kilikuwa kimemkubali. Kwa mpango wa jimbo uitwao North Star Promise, ulioanza mwaka 2024, familia yenye kipato kisichofika dola 80,000 kwa mwaka hailipi ada ya masomo katika vyuo vya umma vya Minnesota. Jimbo linamalizia pale ambapo misaada mingine haikufika. Wao walikuwa chini ya kiwango hicho, si kwa mbali. Mama aliisoma barua ile mara mbili.

"Mzee," alimwambia mumewe, "na mwaka wa pili je?"

"Mungu atafungua njia."

"Njia si hii hapa?"

Baba alicheka, akamgeukia binti. "Mimi nilivuka bahari, mama. Wewe utavuka mto tu?" Chuo kimekaa kingo zote mbili za Mississippi, na Brooklyn Park iko juu kidogo kwenye mto huohuo. Utani ulikuwa mzuri, ukarudiwa kwenye harambee.

Nasita kumlaumu. Ukiwa umeosha watu usiku kwa miaka kumi na miwili, unataka jina la kulitaja mbele za wenzako. Lakini kulikuwa na kazi ya dakika kumi ambayo haikufanywa. Tangu Oktoba 2011, sheria ya serikali kuu inavitaka vyuo vinavyopokea fedha zake viweke kikokotoo cha gharama halisi: unaingiza kipato, kodi na idadi ya watu nyumbani, kinakukadiria utakacholipa baada ya misaada. Wangekitumia Oktoba, wangeiona ile 46,000 miezi kumi kabla ya bili. Wangeona pia kitu cha ajabu zaidi. Carleton na Macalester, vyuo binafsi vya palepale Minnesota, bei yake iliyobandikwa inapita dola 80,000, na kwa sababu hiyo binti hakuvigusa. Lakini vyote viwili huziba mahitaji yote ya mwanafunzi waliyemkubali. Aliogopa bei iliyoandikwa ukutani pale ambapo asingetozwa, akaiamini pale ambapo angetozwa yote.

Mwaka wa kwanza ulilipika. Kwenye zile 46,000 mkopo wa serikali wa binti mwenyewe ulikuwa umeshaondolewa, dola 5,500, ambazo ndizo ukomo wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi. Harambee ikatoa 19,000. Dola 27,000 zilizobaki baba alikopa kwa mkopo wa wazazi uitwao Parent PLUS. Serikali haimuulizi mzazi anapata kiasi gani ili kumpa mkopo huu. Huangalia tu kama ana doa kubwa katika historia ya madeni. Mikopo iliyotolewa kati ya Julai 2024 na Juni 2025 ilikuwa na riba ya asilimia 9.08, na kabla fedha hazijafika chuoni hukatwa ada ya zaidi ya asilimia 4. Congress ilibadilisha sheria mwaka 2025: wazazi wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026, hawataruhusiwa kupita dola 20,000 kwa mwaka wala 65,000 kwa mtoto mmoja. Wengi wameilalamikia. Mimi naona ingemwokoa baba huyu, kwa kuwa pengo lisingezibika na barua ingerudi mezani.

Kulikuwa pia na tumaini lililopandwa na shangazi mmoja: mtoto akishakaa kule mwaka mzima, anakuwa mkazi, ada inashuka. Hili linasemwa kila mahali na ni la hatari. Majimbo mengi yanataka miezi 12 ya ukazi, ndiyo, lakini ukazi ambao sababu yake kuu si masomo. Na kijana anayetegemea wazazi huhesabiwa alipo mzazi. Binti aliuliza ofisi ya usajili. Jibu lilikuja kwa mistari miwili.

Mwaka wa pili walijaribu harambee tena. Harambee ya pili ya mtu yuleyule haijazi ukumbi. Watu hawakuwa na chuki, kila mmoja alikuwa na wake. Na kwa kweli kulikuwa na msiba wiki ileile. Zikaja dola 3,100. Baba, ambaye ovataimu alikuwa ameianza bili ya kwanza ilipofika, akaongeza makao ya pili, akawa anatoka kazini asubuhi na kulala ndani ya gari kabla ya zamu ya mchana. Mkopo mwingine wa PLUS ukafuata, dola 36,000. Jumla 63,000 kabla ya riba, na shahada ikiwa nusu. Binti alikuwa na alama nzuri. Hilo ndilo watu husahau katika visa vya namna hii: hakushindwa darasani hata siku moja. Kiangazi cha mwaka ule yeye mwenyewe ndiye aliyesema basi.

Aliomba kuhamia Chuo Kikuu cha Minnesota, akakubaliwa, akajaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya msaada wa masomo, akisubiri North Star Promise impokee kama ilivyokuwa tayari kumpokea mwanzo. Haikumpokea. FAFSA haiangalii kipato cha mwaka huu; huchukua taarifa za kodi za miaka miwili nyuma. Na miaka miwili nyuma ndio mwaka baba alipoanza ovataimu ili kulipia chuo cha mbali. Kipato chao cha mwaka ule kilikuwa kimevuka 80,000. Zamu zile zilizokwenda zote kwenye ada ya jimbo jingine ndizo zilizofunga ada ya bure ya nyumbani.

Afisa wa misaada hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba ofisi ina mamlaka ya kupitia upya kipato kilichoshuka, akataka barua na stakabadhi za mishahara zinazoonyesha kwamba ovataimu imekoma. Baba alizikusanya kwenye bahasha. Ovataimu, hata hivyo, haikuwa imekoma: malipo ya PLUS yalikuwa yameanza kudaiwa, kwa sababu mzazi huanza kulipa fedha zote zikishatolewa asipoomba kuahirishiwa, na hakuna aliyemwambia aombe.

Mdogo wa binti yule yuko darasa la 11. Anasoma masomo mawili ya chuo kupitia PSEO, mpango ambao Minnesota imekuwa nao tangu 1985 na unaomlipia mwanafunzi wa sekondari ada na vitabu vya chuo. Naye anataka kwenda mbali, na sioni sababu ya kumkataza. Orodha yake ina vyuo sita, na mbele ya kila jina kuna safu tatu: watu wa nje wanachukuliwa wangapi, kikokotoo kimesema familia italipa nini, na kiasi hicho mara nne. Macalester ipo. Chuo cha Minnesota kipo. Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison kipo, maana Minnesota ina makubaliano na Wisconsin, na mtoto wa Minnesota hulipa huko ada inayokaribia ya nyumbani, ingawa North Star haivuki mpaka. Makubaliano hayo hayajitekelezi yenyewe. Mwanafunzi huomba kwa Ofisi ya Elimu ya Juu ya Minnesota, bila malipo, na asiyeomba hutozwa bei ya mtu aliyetoka Florida. Kijana anaipenda Madison. Baba yake ameomba aone kwanza safu ya tatu.